Mistari Iliyopotea Kwenye Mchoro wa Jamaa

Kompyuta ilirudi kutoka Lilongwe imepona, lakini kazi yangu ya miezi minane ilikuwa imefungiwa ndani yake, na mimi niliyeifanya sikuweza kuifungua.

Wakati huo nilikuwa karani wa kanisa letu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nje ya Lilongwe. Watu waliniita Sekretere, kwa sababu kwetu Kongo, mjini Bukavu, nilisomea mambo ya ofisi na nilijua kupiga mashine kwa vidole vyote kumi bila kutazama. Kazi yenyewe haikuwa kubwa: vyeti vya ubatizo, ratiba za kwaya, barua za kuomba ruhusa ya kutoka kambini kwenda hospitali mjini. Halafu Pasta akaja na wazo lake la mchoro wa jamaa.

Kanisani kwetu wengi walitoka Uvira na Fizi, na sisi wachache wa Bukavu. Hakukuwa na nyumba ambayo haikupoteza mtu njiani. Kulikuwa na watu wa shirika waliokuwa wakitafuta waliopotea, na walimwambia Pasta kwamba orodha za majina peke yake haziwasaidii sana, majina yanafanana mno. Wakijua fulani ni mtoto wa nani, dada yake ni nani, na aliolewa wapi, hapo wanaweza kufuatilia. Pasta akaniita ofisini, chumba cha matofali ya udongo nyuma ya kanisa, akasema, "Sekretere, utafanya dessin. Kila muntu sanduku yake, kila undugu laini yake. Tunaanza siku ya Mungu."

Kompyuta yetu ilitoka kwenye ofisi moja ya mjini iliyofungwa. Wenyewe walirudi kwao wakatuachia. Ndani yake kulikuwa na programu ya kuchorea, ya gharama, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchora mitambo na ngazi za vyeo vya makampuni. Nilijifunza peke yangu. Unachora sanduku, unaandika jina, unavuta mstari mpaka sanduku la pili, na mstari unashika. Ukihamisha sanduku, mstari unalifuata. Jambo hilo lilinifurahisha kupita kiasi. Nilikuwa nahamisha baba za watu huku na huku ili tu nione watoto wao wakivutwa nyuma yao.

Kila Jumapili baada ya ibada watu waliketi mbele yangu mmoja mmoja wakataja. Wengine walitaja haraka kama wanaosoma. Wengine walifika kwenye jina fulani wakanyamaza, nami nikasubiri, mkono ukiwa juu ya kipanya. Mwanzoni niliandika pia kwenye daftari. Nilipoizoea programu nikaona daftari ni kujichosha, nikaliacha. Mchoro ukakua mpaka ukawa kurasa kumi na moja.

Halafu kirusi kikaingia, labda kwa flashi ya kwaya, na kompyuta ikagoma kuwaka. Nikaipeleka Old Town, Lilongwe, kwa fundi mmoja Mmalawi wa makamo aliyekuwa na meza yake ndani ya duka la simu karibu na stendi ya mabasi. Aliifuta yote, akaipa uhai upya, na faili zetu akaziokoa kwenye flashi. Nikamwambia zikomo, asante ya kwao, mara tatu, nikarudi kambini nimeipakata.

Nilipobofya mchoro, kompyuta iliniuliza niufungue kwa programu gani. Ikanipa orodha nichague. Nilijaribu ile ya kuandikia barua, ikaleta ukurasa wa alama nisizozijua, herufi za ajabu zimepangana kama wadudu. Nilijaribu ile ya picha, ikakataa. Nilizima, nikawasha, nikasali, nikabofya tena. Iliniuliza swali lile lile, kana kwamba mimi ndiye niliyepaswa kujua.

Nikarudi Old Town.

"Amayi, ile programu haimo tena," alisema fundi, akiniita mama kwa Kichewa. Tulikuwa tunaelewana kwa Kiingereza changu cha kuokoteza na Kichewa changu kibovu zaidi. "Ilikuwa na namba yake kwenye boksi ililouzwa nalo. Boksi liko wapi?"

"Wenyewe walienda nalo."

"Basi itabidi ununue nyingine."

Alinitajia bei. Nilidhani sijasikia vizuri, nikamwomba aiandike. Akaiandika kwenye kipande cha karatasi. Nilikuwa nimesikia vizuri.

Mtu wa meza ya pili akacheka, akasema yeye ana nakala ya wizi kwenye diski, haiulizi namba. Nilimpelekea Pasta habari hiyo nikiwa na matumaini. Pasta alinitazama kama nimetukana.

"Sekretere. Tutafute bantu benye walipoteya na kitu ya kuiba?"

"Pasta, ni programu tu."

"Ile hapana."

Ndipo nikaenda mara ya tatu, na fundi, nadhani kwa kunihurumia, akasema, "Kuna nyingine. Ni ya bure. Na chanzo chake kiko wazi."

Sikuelewa. Chanzo, kwangu, ni cha maji. "Chanzo cha nini?"

"Cha programu. Yale maandishi yaliyoitengeneza. Mtu yeyote anaweza kuyasoma, akayabadilisha, akampa mwenzake."

"Ni ya nani?"

"Ya watu."

"Watu gani?"

"Wengi. Mmoja yuko huku, mwingine kule. Wengine hawajawahi kuonana."

"Nani anawalipa?"

"Wengine hakuna anayewalipa."

"Sasa wanataka nini kwetu?"

"Hakuna, amayi."

Nilimtazama usoni kuona kama ananifanyia mzaha. Kambini kitu cha bure kina foleni, kina kadi ya kutobolewa, kina siku yake na mtu wa kuita majina. Usipokuwepo siku hiyo, si chako tena. Hiki hakikuwa na foleni wala kadi. Na neno lenyewe lina mashaka: kwetu ukisema umefanya kazi bule, yaani bure, huenda hukulipwa, na huenda umejisumbua tu. Fundi aliinakili kwenye flashi yangu kwa dakika chache. Niliondoka nimeishika mkononi hadi Dzaleka, sijui hata niliogopa nini.

Nilipoiweka, jambo la kwanza iliniuliza lugha. Nikachagua Kifaransa bila kutegemea kitu, na menyu zote zikageuka Kifaransa, kizuri, chenye alama zake zote juu ya herufi. Ile ya gharama ilikuwa ya Kiingereza tu na nilikuwa nimeizoea hivyo. Kumbe mtu fulani, sijui wapi, alikaa akatafsiri neno kwa neno ili mimi nisome. Nikatafuta ni nani. Nikakuta orodha ndefu ya majina, nikaisoma mpaka macho yakauma. Hakuna hata mmoja niliyemjua. Sijui nilitegemea kumkuta nani.

Kisha nikafungua mchoro wetu, na haukukataa. Masanduku yalitokea, yote, na majina ndani yake. Niliruka kwenye kiti. Halafu nikaona kwamba kati ya masanduku hakuna kitu. Mistari yote ilikuwa imejikusanya kwenye kona ya juu ya ukurasa, imerundikana kama nyuzi zilizofumuliwa. Nikaenda ukurasa wa pili, vivyo hivyo. Mpaka wa kumi na moja.

Pasta alikuja akasimama nyuma yangu.

"Batoto iko wapi?" akauliza.

"Iko hapa, Pasta."

"Na bababa?"

"Na bo iko hapa."

"Sasa nani ni wa nani?"

Kwetu ndugu watatu wa tumbo moja wana majina matatu tofauti. Jina la mtoto halikuambii baba ni nani. Nilikuwa na majina mia na zaidi yamekaa kwenye ukurasa kama watu waliokutana mahali pa kungojea gari. Nilidhani nimeharibu mimi. Nilibofya kila kitu cha kubofya. Nilivuta mstari mmoja kutoka kwenye lile rundo, ukaja, lakini haukujua ulikotoka.

Fundi, nilipomfuata tena, alitafuta kwenye mtandao kwa muda mrefu, akaniambia sikuharibu kitu. Programu hii ilikuwa ndiyo kwanza inajifunza kusoma mafaili ya ile nyingine, na mistari ilikuwa bado haijaiweza. "Andika uwaambie," alisema.

"Niwaandikie nani?"

"Waliotengeneza. Kuna mahali pa kuandika."

Niliandika kama nilivyofundishwa kumwandikia mkubwa wa serikali: ninayo heshima ya kuja mbele yenu kwa unyenyekevu. Fundi alicheka lakini akaituma. Baada ya siku nne kulikuwa na jibu fupi la mtu nisiyemjua, asiye na cheo wala mhuri: asante kwa taarifa, tafadhali tuma faili lenyewe tulione. Hapo nilichanganyikiwa zaidi. Faili lenyewe lilikuwa na majina ya watu waliokimbia, na baadhi yao walikuwa na sababu ya kutotaka kujulikana waliko. Nikamwomba fundi anitafutie kompyuta yenye ile programu ya zamani. Kwa rafiki yake wa mtaa wa Area 18 tukachora jamaa ya uongo, baba mmoja na watoto wanne ambao hawakuwahi kuzaliwa, tukaituma hiyo. Ni kweli, tungeweza pale pale kufungua na mchoro wetu. Nililifikiria hilo nikiwa nimesharudi kambini, na nilipompigia simu fundi, rafiki yake alikuwa amesafiri na kompyuta yake kwenda Blantyre. Nilikaa kitandani nikajicheka, kisha nikalia kidogo.

Jibu likaja tena: tumeona kosa, litarekebishwa kwenye toleo lijalo. Toleo lijalo ni lini? Hawakusema. Watu wa kutafuta waliopotea walikuwa wanausubiri mchoro. Basi Pasta akaamua: nipite nyumba kwa nyumba niulize upya.

Wengi hawakuona shida. Walirudia yale yale, wengine wakanitania kwamba kompyuta nayo imekuwa mkimbizi, imeacha vitu njiani. Hivyo nikafika kwa mama mmoja mzee wa Fizi, aliyeishi na binti yake wa miaka kama kumi na tisa. Binti alikuwa fundi wa kushona, cherehani yake iko mlangoni. Kwenye mchoro wa kwanza nilikuwa nimechora mstari mmoja, kutoka kwa mama mpaka kwa binti.

"Mama muzee," nikasema, "kompyuta ilipoteza malaini. Ninaomba tu uniambie tena. Huyu binti ni mutoto wako wa ngapi?"

Alimgeukia binti. "Enda unichotee maji."

"Maji iko, mama."

"Enda tu."

Binti alinyanyuka, akachukua bidoni, akatoka. Mama alisubiri.

"Ile laini ilitoka yenyewe?" akaniuliza.

"Zote zilitoka, mama. Haikuwa yako peke yake."

"Lakini na yangu ilitoka."

"Ee, na yako."

"Basi usiirudishe. Huyu sikumuzala."

Nilikaa na kalamu mkononi. Aliniambia bila kunitazama. Siku waliyokuwa wanapanda mtumbwi kukimbia, pale kando ya ziwa, mtoto wa miaka kama minne alimshika kikwembe chake alichojifunga kiunoni na hakukiachia. Watu walidhani ni wake. Yeye naye akaacha wadhani. Alimuuliza mtoto mama yake anaitwa nani, mtoto akasema anaitwa Mama. Walivuka pamoja, wakakaa kambi za Tanzania pamoja, wakafika Malawi pamoja.

"Kila mahali banaandika 'mutoto', na mi ninanyamaza," alisema. "Lakini hii yenu ni ya kutafuta bantu. Kama kuko mama mwenye anamutafuta, ataona laini inaishia kwangu. Atapita."

"Yeye anajua?"

"Hapana." Akafikiri. "Labda. Mi sijue."

Nilirudi kwa Pasta. Nikamweleza yeye peke yake.

"Andika kweli," alisema haraka.

"Kweli njo gani, Pasta? Alimulea miaka yote hii. Nikiondoa laini, huyu mama anabaki sanduku peke yake ku karatasi, kama hana muntu."

Pasta alivua miwani akaipangusa kwa shati muda mrefu. "Mi nilisomea Biblia," akasema mwisho. "Sikusomea malaini."

Siku mbili tatu sikufanya kitu. Nilifungua ukurasa wao, nikautazama, nikaufunga. Kisha binti mwenyewe akaja ofisini, akaketi bila kukaribishwa.

"Dada Sekretere, maji ilikuwa bidoni mbili yote ilijaa," alisema. "Nilibaki nyuma ya nyumba."

"Ulisikia?"

"Nilisikia. Lakini nilijua mbele. Batu ya Fizi banasemaka, wanadhani mutoto hasikie." Aliinamia skrini. "Mi iko wapi?"

Nikamwonyesha. Alisoma jina lake taratibu, kisha akaomba kipanya. Hakuwahi kukishika, nikamwekea mkono wangu juu ya wake. Kwanza alivuta mstari kutoka kwa mama mzee mpaka kwake, akataka uwe mnene. Nikaunenepesha. Halafu akaniambia nichore sanduku jingine juu yake.

"Niandike nini ndani?"

"Usiandike kitu."

"Na laini?"

"Ile ya mapointi iko?"

"Iko," nikasema, nikamwonyesha mstari wa nukta nukta.

"Njo hiyo."

Nilichapisha mchoro Old Town, kwa Mhindi mwenye mashine ya karatasi kubwa. Alipofika ukurasa wao alisimamisha mashine akaniita aulize kama lile sanduku tupu ni kosa. Nikasema si kosa. Sikuongeza neno, maana sikuwa na hakika.

Miezi mingi baadaye fundi alinipigia simu: toleo jipya limetoka. Nilienda kulichukua, nikafungua lile faili la zamani, na kweli, mistari yote ilikuwa mahali pake. Mtu nisiyemjua alikuwa ametimiza ahadi yake kwa mtu asiyemjua. Nilifurahi, nikaweka mchoro wa zamani na ule mpya kando kwa kando niilinganishe, furaha ikaniishia. Haikufanana. Mzee mmoja mara ya kwanza alitaja ndugu wawili, mara ya pili watatu. Mwanamke mmoja alikuwa ameacha kumtaja mume. Na kwa mama mzee, mstari ule wa zamani ulikuwa umerudi, mwembamba, mnyoofu, hakuna sanduku juu. Nilishindwa kujua upi ndio kosa. Niliwaandikia wale wa programu kuwashukuru, safari hii bila heshima wala unyenyekevu mwingi, na michoro yote miwili nikaihifadhi.

Mchoro uliochapishwa ulikuwa umeshapelekwa kwa watu wa kutafuta waliopotea, na majibu kutoka Kongo yalikuja machache. Ndugu wa mtu mmoja wa Uvira alipatikana, akiwa hai, ana duka. Mengine yalikuwa habari za vifo. Halafu Pasta akaniambia kuna mama karibu na mji wa Baraka, kule Fizi, aliyepoteza mtoto wa kike kando ya ziwa miaka ile, na anataka kuzungumza.

Tuliketi ofisini baada ya ibada, simu ya Pasta iko mezani, sauti imefunguliwa. Mama wa upande wa pili hakujua Kiswahili vizuri, alisema Kibembe. Binti, aliyekulia kambini kati ya Barundi na Bafuliiru, alikuwa na Kibembe cha salamu tu. Mwenye Kibembe pale alikuwa mama mzee. Kwa hiyo yeye akawa mkalimani.

"Anauliza kama uko na alama ya moto ku mugongo," alisema.

"Hapana," binti akajibu.

Mama mzee alisema kwenye simu, maneno mengi.

"Umemuambia nini?"

"Nimemuambia hapana."

"Mbona ilikuwa murefu?"

"Nimemuambia na kama unashona muzuri."

Sauti ya upande wa pili ikaendelea polepole. Mama mzee alisikiliza akiwa amefunga macho. "Anasema alama inaweza kupotea mutoto akikomaa," alitafsiri. Halafu kwa sauti yake mwenyewe, kama anayejisemea: "Kulikuwa kitu ku mugongo. Nilidhani ni upele." Binti alimtazama. Pasta alinitazama mimi. Mimi nilitazama simu.

"Anauliza kama anaweza kupiga tena."

"Apige," binti akasema.

Akawa anapiga kila Jumapili mtandao ulipokubali. Hakuna kilichothibitika. Picha ilikuja; mama mzee alisema pua ni ile ile, binti alisema yeye haioni. Pasta aliniuliza kama tuandike jina la yule mama kwenye sanduku. Nikamuuliza binti, akasema ningoje kwanza. Nikangoja.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya kupiga mashine mjini, nikahamia mtaa wa Kauma. Siku ya kuhama, kabaza, baiskeli ya kukodi, ikiwa imeshafungwa mizigo yangu, nilipita kuwaaga. Simu ilikuwa juu ya cherehani. Safari hii binti ndiye aliyekuwa anazungumza, kwa Kibembe, akikwama kila neno la pili, na mama mzee alikuwa anamsahihisha kwa ukali kama mwalimu, na kule upande wa pili mtu alikuwa anacheka. Nilisimama mlangoni nikisubiri wamalize, sikuelewa hata neno moja.